Kuku Aliyepona Haraka Mno

Nacheka nikisimulia, lakini aibu ile haijanitoka, na kila nikipita soko la Masisi kuna mama muuza ndizi anayelia kama kuku ili tu nigeuke.

Nilivunjika mguu wa kushoto nikiwa juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, kwa sababu nilitaka kujua inateremkaje usipoishikia breki (sasa najua). Mama Zawadi, muunga mifupa, alinifunga kwa vijiti na majani, kisha akafanya kama wanavyofanya waganga wa huku: akamvunja mguu kuku mwekundu, akamfunga vilevile, akaniambia, "Siku kuku itakimbia, na wewe utajaribu mbio. Kabla ya pale, tembea tu mpaka ku bomba ya maji, urudi. Ndiyo vile."

Shida ni kwamba Papa Kasereka, mwenye lori, alikuwa ameniahidi kazi ya kupakia mizigo mpaka Walikale, na mimi, niliyeacha shule mapema ili nione dunia, nilikuwa sijaona hata msitu wa huko, jirani tu. Lakini alisema hachukui mgonjwa, aone kwanza kuku anakimbia. Safari ilikuwa Jumatatu. Jumamosi kuku wangu alikuwa bado anachechemea.

Basi nikaazima (tuseme hivyo) kuku mwekundu wa jirani yangu, Mama Sifa, nikamfunga kijiti mguuni, nikampeleka sokoni yanaposimama malori, nikamfungua mbele ya watu wote. Kuku akatimka! Watu wakapiga makofi, Papa Kasereka akacheka mpaka akashika tumbo.

"Kaka, kuku imepona! Sasa na wewe kimbia, uilete," akaniambia.

Hapo ningeweza kusema ukweli. Nikakimbia. Hatua kumi za kwanza nilijiona mzima kabisa, nikapita meza za maharagwe, nikaruka mfereji, na mguu ukalia, nikausikia kabla sijasikia maumivu, nikaanguka juu ya nyanya za watu. Kuku alikuwa ameshakamatwa na Mama Sifa, aliyekuwa anamtafuta tangu asubuhi.

"Mwizi! Iyi kuku iko yangu!"

"Mama, nilikuwa naijaribu tu."

"Unajaribu kuku ya wengine! Na ule muguu, uko wa nani?"

Soko zima likacheka. Papa Kasereka peke yake hakucheka. Alichuchumaa, akautazama mguu wangu uliopinda.

"Ungesema nikungoje, ningekuwekea nafasi safari ingine," akasema polepole. "Sasa nitakuachia namna gani mizigo ya watu?"

Walinibeba mpaka kwa Mama Zawadi. Alinifunga upya, na nilipomuuliza kama atamvunja mguu kuku mwingine, akanikazia macho: "Hapa hakuna kuku yenye kosa."

Jumatatu nilisikia lori likipanda kilima, na kijana mwingine juu ya mizigo akiimba. Mguu umeunga, ila umebaki mfupi kidogo, na kwenye mteremko unanifundisha adabu. Kila asubuhi natembea mpaka kwenye bomba na kurudi, polepole, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Hata Papa Kasereka akisimamisha lori mlangoni kwangu na kuniita kwa jina, nitalifuata kwa kutembea.