Mchinjaji Aliyeuza Sambaza

Wakwe wapya wakija hapa Kamembe sikukuu ya kuchinja, mimi huwatazama macho tu. Wanaona wali, wanaona maharage, wanaona sambaza wa kukaanga, visamaki vya ziwa letu, halafu wanaanza kutafuta nyama. Mmoja alithubutu kuniuliza: "Maman, si tunasikia Mzee alikuwa mchinjaji?" Nikamwambia kula, baba, usinitibue. Lakini sasa Mzee hayupo, nami nimechoka kusikia watu wakisema mume wangu aliingiwa na wazimu. Wazimu wao!

Mume wangu alikuwa mchinjaji, mtoto wa mchinjaji. Mikono mikubwa, sauti kubwa, hasira za karibu. Nilimwona kwa macho yangu akimpiga kijana kofi hadi akaanguka kwenye matope, kosa lake kunoa kisu mbele ya fahali. "Unamuonyesha kifo chake? Wewe ungependa?" Kwake mnyama alinyweshwa maji kwanza, akalazwa taratibu, akaelekezwa kibla, jina la Mungu likatajwa, kisu kikapita mara moja. Asiyeweza hivyo aende akauze nyanya. Nyumbani batoto walimwogopa na walimpenda. Wakisikia kikohozi chake njiani walizima redio, kisha wakagombania kumpokea kofia. Mimi nilimpenda bila kumwogopa, ndiyo maana tulidumu.

Nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda cha ngozi. Alizitia chumvi, akazirundika humo mpaka wachuuzi wa Bukavu wavuke mto kuja kuzichukua. Kilinuka, yaarabi! Tuligombana juu ya kibanda kile tangu harusi yetu.

Ulipofika mwaka wa mauaji ya kimbari hapa Rwanda, Watutsi wakiwindwa nyumba kwa nyumba, kibanda hichohicho ndicho kilichofaa. Jirani yetu wa chini ya mteremko, mwanamke aliyekuwa akituuzia maziwa, mumewe na mwanawe wa pekee walikatwa mapanga kwenye bariyeri, kizuizi cha wauaji barabarani, mchana kweupe. Yeye alitufikia akitambaa kwenye migomba, damu isiyo yake imemkaukia kifuani. Mume wangu hakumuuliza kitu. Alinyanyua ngozi, akamwingiza nyuma yake, akazishusha. Akaniambia: "Huyu akipatikana, wanamuua, na sisi wote nyuma yake. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Asubuhi moja genge likaingia uani. Vijana wa hapahapa, wengine walikuwa wamekula pilau ya Idi mikononi mwangu. Mapanga machafu, pombe inawanuka. Walikuwa wanamvuta ng'ombe kwa kamba, na nilimtambua mara moja kwa doa lake jeupe pajani. Alikuwa ng'ombe wa jirani yetu, yule aliyemlea tangu ndama, akimwimbia kila anapomkamua.

"Mzee, tumekuletea kazi," mkubwa wao akasema. "Utuchinjie, ukate vizuri, twende tuuze."

"Ni ngombe ya nani?"

"Mwenyewe alikufa. Ao uko na shida?"

Mume wangu akasema kwanza anamtafutia maji. Nilimjua, alikuwa anavuta muda. Hapo ng'ombe akainua pua. Akanusa. Akamburuta kijana mwenye kamba hadi kwenye kibanda, akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, akalia. Alilia vile alivyokuwa akilia jioni, akimwita bibi yake aje kumkamua. Akaanza kulamba mbao, akalia tena.

"Eh! Kuna nini humo?" mkubwa wao akauliza.

Mume wangu alivuka ua mbio. Hakumlaza. Hakumwelekeza popote. Jina la Mungu hakulitaja, nilikuwa naangalia midomo yake. Alimchoma shingoni amesimama, ulimi ungali kwenye mbao, akachomoa, akachoma tena, na tena, kama mtu anayepigana na adui. Damu iliruka ikatapakaa mlango mzima. Ng'ombe akapiga magoti, akakoroma, akanyamaza.

"Mzee! Haraka ya nini?"

"Mulitaka nyama ao mulitaka hadithi?" Mume wangu alikuwa anahema, uso wote damu. "Amenusa ngozi za wenzake, analilia wenzake. Unataka kuona? Haya, ona!" Akausukuma mlango nusu, akavuta ngozi iliyooza, akamrushia mkubwa wao usoni. Funza wakamwingia kwenye kola. Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Yeye alitapika, kisha akampiga mume wangu kwa ubapa wa panga hadi nikausikia mfupa wa bega ukivunjika. Lakini hakuna aliyetaka tena kuingia kibandani. Walimsimamia, na bega lake lile, akawakatia nyama mpaka mwisho.

Walituachia mguu mmoja kama ujira. Batoto wangu walikuwa wanalala na maji ya chumvi tumboni. Mume wangu akachimba shimo kwa mkono mmoja, akaufukia. Nilimrukia, nikamvuta shati hadi likachanika: "Batoto wana njaa, wewe unazika nyama!"

"Ni kibudu," akasema. "Na mwenyewe yuko mule ndani. Unataka asikie harufu ya ng'ombe wake akiiva?"

Nikaliachia shati.

Jirani yetu alikaa kwenye ngozi zile mpaka mauaji yalipokomeshwa. Alitoka mifupa mitupu, lakini hai. Mume wangu akafunga bucha, akavitupa visu ziwani, akaanza kuuza sambaza sokoni. Walimcheka! "Mchinjaji amegeuka paka!" Aliyelisema mbele yangu nilimmwagia ndoo ya maji ya samaki, na leo ningemmwagia tena. Mume wangu alimtafutia jirani mtamba wa ng'ombe, akampeleka mwenyewe, akafunga kamba mtini, akarudi. Juu ya siku ile hawakuzungumza hata neno. Akipita kwake, alipita kichwa chini.

Uzeeni kiharusi kikampiga, na akili yake ikarudi kwenye ua ule. Ng'ombe yeyote akilia mtaani, aliruka kitandani kutafuta kisu. Siku moja alinikaba mimi, mke wake, kwa mkono uliobaki na nguvu, akininong'oneza sikioni: "Nyamaza, watamsikia. Nyamaza." Wanangu walimbandua nikiwa nimeanza kuona giza. Shingo iliniuma, lakini kilichoniliza ni ule mnong'ono. Wakataka kumfunga kamba. Nikawaambia atakayemgusa baba yake kwa kamba, radhi yangu aisahau. Nikatuma jirani aitwe.

Alikuja na fimbo yake, naye ameshazeeka. Aliketi kitandani, akauchukua ule mkono ulionikaba, akauweka shavuni kwake.

"Mzee, ni mimi. Wa nyuma ya ngozi. Hawakuniona."

Mume wangu akampapasa uso. "Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Alikuwa anakuita wewe. Nami nikamuua hovyo, bila bismillahi. Nisamehe, maman."

Jirani akatikisa kichwa. "Haukujua, Mzee. Alipolia mara ya pili, nilikuwa nimeshasimama. Mkono wangu ulikuwa juu ya mlango. Sikuwa na muntu tena duniani, yeye tu ndiye aliyebaki, na alikuwa ananiita. Nilikuwa natoka nife naye. Aliponyamaza, sikuwa na wa kumtokea tena, nikatambaa kurudi nyuma ya ngozi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji, nikakaa chini sakafuni. Miaka yote ile hata mimi sikujua. Machozi yakamshukia mume wangu masikioni, kisha vidole vyake vikalegea, akalala.

Hakukaba mtu tena. Alifariki Ijumaa iliyofuata, kabla ya adhuhuri. Wanaume walipoinua jeneza, ng'ombe wa jirani alilia kule mteremkoni, akalia tena. Tulimwacha alie.