Siku Thiri Alipotikisa Mishumaa

Enzi zetu za kwanza Rågsved, mtaa wa Stockholm, sisi tuliotoka Uvira na Bukavu kule Kongo tulijaliwa utoto wa pili, na ninamshukuru Mungu kwa utoto ule. Tulikuwa na wajukuu tayari, lakini kila asubuhi tulibeba mikoba kwenda shule ya Kiswidi, tukaimba majina ya rangi na siku za juma. Tulianguka kwenye barafu, tukachekana. Wakati wa mapumziko tulikunywa kahawa na mikate ya mdalasini, na rafiki yangu Mama Furaha aliichovya kama mandazi. Vijana wa leo wanajifunza lugha kwa simu, wamejilaza kitandani. Hawajui utamu wa kukosea mbele ya darasa zima.

Nilikaa dawati moja na Thiri, mwanamke wa Burma aliyejipaka unga wa mti mashavuni hata wakati wa theluji. Kwao alikuwa mwimbaji wa roki, mwenye bendi na gitaa la umeme. Serikali ilikagua kila wimbo. Alipokataa kubadilisha maneno yake, alipigwa marufuku, akakimbia. Tangu afike Sweden hakuwa ameimba.

"Sauti niliiacha kule," alituambia kwa Kiswidi cha kuungaunga.

"Sauti ni ya Mungu, mwanangu," nilimjibu. "Wewe umeazimwa tu."

Desemba mwalimu alitaka kila mmoja atoe wimbo wa kwao kwenye sherehe ya Lucia, ile ya mishumaa na kanzu nyeupe. Thiri alikubali shingo upande. "Mara moja tu. Ikishindikana, mimi na muziki basi."

Siku ya sherehe alianza taratibu kama malaika. Halafu roki ikatoka! Sauti ikakwaruza, ikapanda, miali ya mishumaa ikayumba. Wageni Waswidi wakatulia tuli, mikono mapajani. Thiri akadhani wamemkataa, sauti ikaanza kufifia.

Mama Furaha akasimama. "Jamani, mtu anaimba mnamtazama kama treni iliyochelewa? Endelea, dada! Usiwaogope hawa, ndivyo wanavyofurahi!" Akapiga vigelegele, akacheza hadi mbele, akamfuta jasho kwa kitenge chake, kama tunavyomfanyia mwimbaji kanisani. Tukamfuata sote, hata mimi na magoti yangu. Mwalimu naye akaja na karatasi ya jikoni, maana hakuwa na kitenge. Thiri akacheka, akaimba mpaka mwisho.

Hakunyamaza tena. Alipata bendi, akaimba kwenye kumbi za vijana, na nchi yao ilipolegeza kamba alirudi kuimba jukwaa la nyumbani. Tulimsindikiza kwa sala na sambusa.

Majuzi mjukuu wangu alinipeleka kwenye tamasha. Mwimbaji alitiririka jasho, na ukumbi mzima ulikuwa umeinua simu. Nikainuka nimpigie vigelegele.

"Bibi, kaa chini," mjukuu akaninong'oneza kwa Kiswidi. "Unaziba picha."

Nikakaa. Lakini kigelegele kimoja kilikuwa kimeshanitoka, na yule binti jukwaani akageuka kutafuta kimetoka wapi.