Siku Mama Alipovusha Vyungu vya Bibi

Mwezi uliopita nilipita Bujonde nikielekea Kasumulu kwa shughuli zangu, na nusura nipite bila kusimama. Lakini nyuma ya zahanati, pembeni ya michikichi, nikaona kitu cha kijani kilichopauka, maboga yametambaa juu yake, kuku wanaingia na kutoka kama kwao. Nikamwambia mwenye bajaji anisubiri. Mtu mwingine angeona chuma chakavu tu. Mimi nilimwona Bata, na nikasikia kabisa sauti ya Mama akiuliza kwa ukali wake ule, "Vizibo?"

Ngoja nikusimulie, maana jambo kama hili ukikaa nalo peke yako unajidhulumu.

Sisi asili yetu si huku. Mama kazaliwa Kondoa, ambako mto kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na maji unayachimba kwa mikono mpaka kata ipate cha kuchota. Serikali ilimleta Bujonde, Kyela, kuendesha gari la wagonjwa. Baba akabaki Dodoma na kazi yake, mimi nikafungwa mzigo mmoja na masufuria. Huku tukakuta maji hayachimbwi, yanakufuata yenyewe mpaka mlangoni. Masika yakikolea mto unavunja kingo, mashamba ya mpunga yanageuka ziwa, barabara inapotea na gari la Mama linabaki limeegeshwa kama pambo. Na huyo Mama, ambaye hakuogopa tope, mteremko wala madereva wa malori, aliogopa maji. Hata ya ndoo ya kuogea aliyatazama kwa jicho la pembeni.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja Mkisi wa Ikombe, kando ya ziwa, mfinyanzi, aliyehamia kwa mwanawe. Mwana huyo alikuwa mvuvi aliyeoa Bujonde na kugeuka mkulima, ila mtumbwi wake hakuuacha. Sikuwa na undugu na Bibi, lakini nikitoka shule nilipitiliza kwake kabla ya kufika kwetu. Nyumba yake ilinukia udongo mbichi na moshi, na uani daima kulikuwa na dagaa wa usipa juani na ndizi zikitokota kwenye mawese. Udongo wake uliletwa kwa mtumbwi kutoka kwao. Wa huku aliudharau, akisema huo ni wa kupandia mpunga. Aliniruhusu kujaribu vyungu vidogo. Kosa langu lilikuwa moja: nikiona kimeanza kupendeza, nasimama nikitazame. Hapo ananipiga kikofi cha mkono na kuniambia, "Mkono ukisimama, chungu kinapinda." Maneno hayo niliyasikia mpaka nikayaota.

Basi mwaka mmoja, kabla ya masika, lori likashusha Bata. Jina hilo tulimpa sisi watoto, maana alitembea nchi kavu na akifika majini anaogelea. Mwili wake ulikuwa kama beseni kubwa la plastiki ngumu lenye matairi manane manene, na majini matairi hayo ndiyo yaliyokuwa makasia. Usukani hakuwa nao. Mbele ya dereva zilisimama fimbo mbili za chuma. Ukivuta ya kushoto, matairi ya kushoto yanasimama, ya kulia yanaendelea, na Bata anageukia kushoto. Mafuta unaongeza kwa kuzungusha kishikio, kama pikipiki. Chini ya tumbo lake kulikuwa na matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yalikuwa na vizibo. Ukisahau vizibo, umepanda beseni lililotoboka.

Aliyekuja kufundisha alikuwa mwalimu wa kiume kutoka Dar es Salaam, mpole, aliyekunywa chai yetu ya tangawizi bila kuhesabu vikombe. Alieleza mambo waziwazi. Atakayefaulu ndiye atakayekuwa dereva wa Bata na kuvusha wagonjwa. Mama akishindwa atahamishwa, kwa kuwa zahanati haiwezi kuwa na dereva wa kukaa msimu mzima akisubiri barabara ikauke. Mama alisikiliza, akafunga ushungi wake upya, akasema yuko tayari. Usiku ule nililala na hofu ya kuhamishwa. Nilikwishazoea wali wa Kyela unaonukia tangu njiani, na nilikuwa na bibi.

Watu wote waliweka matumaini kwa mwana wa Bibi. Amekulia majini, nani wa kumshinda? Lakini mikono yake ilikuwa na elimu ya mtumbwi. Kwenye mtumbwi, ukitaka kwenda kulia unapiga kasia kushoto. Basi yeye, akitaka kwenda kulia, alivuta fimbo ya kushoto kwa nguvu zote, na Bata akamtii: akakata kushoto, akaingia kwenye kitalu cha mpunga cha mkwewe mwenyewe. Mwalimu akamwelekeza, akaitikia vizuri, akarudia vilevile. Wavuvi wenzake wakafuata, na mmoja baada ya mwingine wakaingia kwenye mpunga uleule. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Bibi alichekea ndani ya kanga, maana ni mwanawe.

Mama hakuwahi kushika kasia, kwa hiyo hakuwa na la kusahau. Nchi kavu alimwendesha Bata kama aliyezaliwa naye, akapita kati ya migomba bila kugusa jani. Tatizo likaja majini, masika yalipoanza kufurika. Dereva wa gari akishikwa na hofu anaachia mafuta na kukanyaga breki, na barabarani hiyo ndiyo salama yake. Majini hakuna kusimama. Mama alipofika penye kina aliachia mafuta, akavuta fimbo zote mbili kifuani, na maji yakamchukua Bata na kumzungusha taratibu mpaka akaegemea migomba. Mwalimu akamwambia ukiogopa ndiyo uongeze mafuta. Mama akasema ameelewa. Siku iliyofuata akasimama tena palepale. Jioni ile hakula. Alikaa na sahani yake mpaka wali ukapoa.

Mtihani ulikuwa kuvuka kutoka zahanati mpaka barabara ya lami, katikati kukiwa na mkondo wa mto, akiwa na abiria na mzigo, na mwalimu asiguse kitu. Mzigo ungepatikana, ila abiria walianza kuwa na udhuru. Huyu goti, yule msiba. Mama alisimama kando ya Bata na jaketi la kuelea limembana juu ya ushungi, akitazama chini. Niliona haya kwa niaba yake, na nilitamani ardhi itumeze sote wawili.

Ndipo Bibi alipotokea na tenga la vyungu kichwani, na nyuma yake mwanawe na tenga jingine. Vilikuwa vyungu vyake vyote alivyochoma kabla ya mvua, vimefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Tangu barabara ifungwe vilikuwa vikisubiri soko la Kasumulu, na ndivyo vilivyomlisha. Mwanawe akamsihi asubiri, atamvusha kwa mtumbwi maji yakitulia. Bibi hakugeuka hata kumtazama. "Wewe nilikuona ulivyoingia kwenye mpunga," alisema, akapanda.

Akavipanga vyungu nusu huku, nusu kule, kisha akanivuta mkono nami nikakaa upande wa pili, mtungi wake mmoja mapajani. Mama alinitazama, nikajua anataka kuniteremsha. Badala yake akauliza, "Vizibo?" Mwalimu, aliyekaa nyuma, akaitikia kwamba vipo. Mama akashuka, akainama mwenyewe kuvigusa kimoja kimoja, akapanda tena.

Tuliingia majini polepole, pua mbele, gia ndogo. Matairi yakaanza kuchapa maji, Bata akaelea, vyungu vikagusana kidogo na kunyamaza. Kote kulikuwa kimya isipokuwa injini. Kisha tukafika kwenye mkondo. Maji pale yalikuwa mekundu na yenye haraka, yakatusukuma ubavuni, nikaona vidole vya Mama vinalegea kwenye kishikio. Injini ikashuka sauti. Bata akaanza kugeuka. Mwalimu alinyoosha mkono, akaurudisha.

Bibi hakupaza sauti. Alisema vilevile kama alivyokuwa akiniambia mimi uani kwake, "Mwanangu, mkono ukisimama, chungu kinapinda."

Mama akazungusha kishikio. Injini ikanguruma, akavuta kidogo fimbo ya upande wa juu wa mto, akaachia, akavuta tena, na Bata akaukata mkondo kwa mshazari, pua ikitazama kule maji yanakotoka. Midomo ya Mama ilikuwa ikisema dua, na mkono haukusimama mpaka matairi yalipouma ardhi na tukapanda kingo, maji yakimwagika pembeni.

Kwenye lami watu walipiga vigelegele. Bibi hakuwajali. Aliketi chini, akavifungua vyungu vyake, akawa anavigonga kimoja kimoja kwa kidole kilichokunjwa huku ametega sikio, maana chungu chenye ufa husikika. Vyote vililia vizima. Akachukua ule mtungi niliokuwa nimeupakata, akampa Mama kwa mikono miwili na kusema asante kubwa ya huku, "Ndaga fijo." Mama alipiga goti kuupokea, akalia mbele ya watu wote, na mimi nikasimama kando yake kifua mbele. Nilitaka kila mtu ajue kwamba huyu ni wangu.

Kwa miaka mingi baada ya hapo aliitwa Mama Bata. Alivusha wajawazito, watoto wenye homa, masanduku ya chanjo, na mara moja harusi nzima kwa mafungu. Mwana wa Bibi naye mikono yake ilikubali hatimaye, akawa msaidizi wake.

Sasa kuna tuta la barabara na daraja, na gari la wagonjwa linapita masika yote bila kulowa. Nafurahi, nisifurahi nina wazimu? Lakini Bibi hayupo, uani kwake pamejengwa duka la dawa za kilimo, na watoto niliowauliza habari za Bata waliniambia ni banda la kuku.

Niliinama nikamchungulia tumbo. Lilikuwa kavu kabisa, matundu wazi. Nikampigia Mama kule Kondoa, anakopumzika, nikamwambia niko kwa nani.

"Ana maji tumboni?" akauliza.

Nikamwambia hana hata tone.

"Vizibo nilivitoa mwenyewe siku ya mwisho, mvua isije ikamjaa," akasema. Nikasikia akiburuza kandambili zake sebuleni, halafu, kwa mbali ndani ya simu, kidole kikigonga ule mtungi. Ulilia mzima.