Waya Niliouunga Vibaya

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kitale, Foremani alianza kwa kutazama viatu vyangu vyeupe. "Umekuja kufunga waya ama unaenda kanisa?" Nilikuwa msichana pekee katika karakana ya magari ya serikali. Akanipa taa ya kupima, kijiti chenye balbu inayowaka kikigusa waya wenye umeme, akanionyesha pikapu ya kubebea mahindi. "Gari iko na waya ya kuleta moto na ya kurudisha. Fuata na kidole, hakuna kitu itakushinda."

Kwa miaka mingi maneno hayo yalitosha. Kila taa ilikuwa na waya wake, swichi yake na fyuzi yake, kile kipande kinachokatika umeme ukizidi ili gari lisiungue. Nilihamishiwa Bungoma, nikapanda hadi fundi mkuu wa umeme. Magari nayo yakabadilika. Ukifungua dashibodi unakuta fungu la nyaya nyembamba, fungu nene kama mkono wangu, na kompyuta zinazosimamia injini, breki, hata milango. Mimi nikaendelea kufuata na kidole.

Ndipo zahanati moja ikatuletea ambulensi mpya iongezewe taa za juu. Niliona waya wenye umeme hapo karibu, nikaunga, taa zikawaka, nikatia sahihi.

Wiki hiyo hiyo dereva wake, Wafula, alinipigia simu akihema. "Mama Nekesa, gari imekufa hapa Kimilili! Niko na mama anataka kujifungua!"

"Imezimaje?"

"Nimewasha taa za juu tu, dashibodi ikajaa alama, injini ikazima."

Nikakumbuka waya niliouunga. Waya ule ulikuwa pia unalisha kompyuta ya injini, na taa zangu zilikuwa zimeinyang'anya umeme.

"Zima hizo taa. Zima gari kabisa. Hesabu hadi kumi, washa."

Nilimsikia akihesabu, na nyuma yake mama akilia. Kisha injini ikanguruma.

"Sasa njia nitaombaje bila taa?"

"Piga honi, bana! Usiwashe kitu ingine!"

Alipiga honi kutoka Kimilili mpaka Bungoma bila kuachilia. Mtoto alizaliwa dakika chache baada ya kufika, msichana mzima, mwenye sauti kubwa kuliko ile honi.

Asubuhi nilimkuta Mhandisi Mkuu, bosi wetu na wa madereva wa serikali, akiandika barua ya kumsimamisha Wafula kazi kwa kuharibu gari. Hakuna aliyekuwa ameukagua ule waya. Ningenyamaza, ningestaafu na jina safi.

"Mkubwa, si Wafula. Ni mimi niliunga vibaya."

"Ati wewe? Na ukongwe wako wote?"

"Sikusoma mchoro wa nyaya. Sijui kuusoma."

Akaichana barua. "Basi utarudi darasani. Na hiyo ambulensi hutaigusa mpaka ujue."

Nilipelekwa Kitale majuma mawili. Mwalimu alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu, na kila nikinyoosha mkono kushika waya alisema, kana kwamba mimi ni bibi yake, "Shosho, mchoro kwanza." Wanafunzi walicheka, nami nikacheka nao. Siku ya mwisho nilifuatilia njia ya umeme kwenye karatasi kutoka betri hadi taa bila kukosea, nikapiga kigelegele mwenyewe. Niliporudi, nilizipa zile taa njia yake yenyewe kutoka betri, na Wafula akaziwasha akizunguka uwanja akipunga mkono kama gavana.

Sasa nimestaafu, nalima vitunguu Bumula. Nikiyakumbuka maisha yale, kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote naona ni yale majuma mawili. Juzi fundi mmoja wa Chwele alinipigia kuhusu pikipiki ya umeme iliyokataa kwenda. "Mama, wewe si ulifanya hii kazi miaka yote? Shida ni gani?"

"Sijui," nikamwambia, nikitafuta miwani. "Niko njiani. Uko na mchoro?"