Friza ya Hafsa

Siku hizi Alhamisi alasiri hupita kimya uani kwa Dama, Msambweni. Mkeka hautandikwi, na wanawake wa kikundi cha mikopo wakipita njia ile huongeza mwendo kidogo, kama watu waliosahau kitu dukani.

Zamani ua ule ulijaa. Dama alikuwa mjane wa makamo, mcheshi, aliyeuza leso kwa kutembeza nyumba hadi nyumba. Alipoona wauza viazi karai na wasuka makuti wanarudishwa na kila benki kwa kukosa hati ya shamba, alikwenda Ukunda akaketi katika ofisi ya shirika moja la mikopo mpaka akasikilizwa. Aliliahidi shirika jambo moja: kila mwanamke atamdhamini mwenzake, na atakayeshindwa kulipa, wenzake wenyewe ndio watakaokwenda kuchukua alichonunua. Hakuna udhuru ila kifo cha mkopaji. Sharti hilo alilitunga yeye. Elphas, afisa wa shirika, kijana aliyetoka bara, alisema hajapata kuona wakopaji wakijifunga namna ile.

Likafanya kazi. Hafsa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alinunua friza kwa mkopo wake akawa analeta samaki kutoka Shimoni, na mtaa mzima ukanunua kwake.

Kisha Issa, mumewe Hafsa, akafariki katika ajali ya bodaboda. Hafsa akaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, haendi Shimoni wala hasimami mlangoni kuuza. Hilo Dama hakulifikiria alipotunga sharti lake, ingawa yeye mwenyewe aliwahi kukaa eda, na majirani ndio waliomtembezea leso.

Alimlipia Hafsa mpaka leso zikaisha sandukuni. Halafu akamwomba Elphas asubiri eda iishe. Elphas alimsikiliza kwa heshima, akasema anasikitika, lakini sharti ni la kikundi, na hakuna atakayepata mkopo wa Januari kabla ya deni la Hafsa kufungwa. Kikaoni Dama akaomba wachange. Eunice, muuza mitumba, akacheka bila furaha.

"Si ni wewe ulitunga hiyo sheria, mama? Tukitaka mkopo ulituapisha. Leo imefikia rafiki yako ndio unajua huruma?"

Hakuna aliyemtetea Hafsa. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na kila mmoja alikuwa na mtoto wake.

Dama alikwenda kwa Hafsa asubuhi, akamwacha mwenye tuktuk ya kubebea friza nje. Akapiga hodi. Hafsa aliitikia kutoka chumbani, nyuma ya pazia.

"Nani?"

"Ni mimi, Dama."

"Karibu, dada. Nilijua tu leo utakuja tuketi."

Dama alichomoa waya ukutani. Ngurumo ya friza ikakatika. Ndani ya friza mlikuwa na samaki waliobaki tangu kabla ya msiba, wameganda pamoja. Dama alisimama na bonge la samaki hao mkononi, asijue pa kuliweka.

"Beseni liko chini ya meza," Hafsa akasema. "Watie humo, wasikuloweshe nguo."

Hakumwambia neno jingine tena, siku ile wala baadaye. Eda ilipoisha alirudi kwao Vanga bila kuaga. Friza ilikwisha kuuzwa, deni likafungwa, mkopo wa Januari ukatoka. Eunice akafungua kibanda cha pili. Kikaoni walimpigia Dama makofi ya shukrani, wengine kwa moyo kabisa, naye akaomba ruhusa aondoke kabla ya chai.

Hakuitisha kikao kingine. Sasa yuko Mackinnon Road, anapika chapati katika hoteli ya mpwa wake, kando ya barabara ya malori.