Kamera kwenye Mkuyu wa Mama

Sijaona watu wanaojua kuangalia kama wale. Walikuwa watafiti wa ndege; walifika kwetu Natta na gari lenye picha ya ndege mlangoni, wakamwamkia mama shikamoo kwa adabu zote, wakaomba kufunga kamera kwenye mkuyu ulio mwisho wa shamba letu la mtama. Ndani ya shimo la mkuyu ule mumbi alikuwa amelalia mayai. Mumbi ni yule ndege mweusi, mkubwa, mwenye koo jekundu, anayetembea ardhini kama mkaguzi wa shule. Mama alimkuta pale alipoolewa, na hajaruhusu mtu akate kuni kwenye mti huo. Alikubali kwa sharti moja tu, ndege wake wasisumbuliwe.

"Hatuwagusi, mama," mtaalamu wao alisema. "Kamera inapiga picha yenyewe kitu kikitikisika."

Basi vikatikisika. Upepo wetu ukavuma na kamera ikapiga majani, asubuhi majani, jioni majani. Mtaalamu, aliyekuwa akipokea picha kwenye simu yake huko mjini, akarudi amenuna. Akapanda ngazi na msumeno, akakata tawi lililofunika shimo. Mama alikuwa kanisani. Nilipouliza, nikaambiwa majani yanaharibu data. Eti data. Kwangu mimi alikuwa amemng'olea mtu mlango wa nyumba.

Mama aliporudi akaliona lile pengo, hakula. Kinda alikuwa ameshaanguliwa, na kila siku alikwenda kumsikiliza kama bado analia. Asubuhi moja akakuta kimya na manyoya chini. Nyani walikuwa wamepita.

Mtaalamu alikuja mbio, amejawa na furaha asiyojua aiweke wapi, akatuonyesha picha: nyani, mkono wake shimoni, kinda. Safi kabisa, haina jani hata moja. Akasema picha za namna hiyo ni adimu. Nilimchukia palepale na sijaacha.

"Ulikuwa unaona?" mama akamuuliza.

"Ndiyo, mama. Iliingia kwenye simu saa ileile."

"Ukafanya nini?"

"Nikaihifadhi."

Msimu uliofuata akarudi na shikamoo yake, kuomba ruhusa tena. Mumbi hakuwa amerudi. Mama akaitikia marahaba, akamkaribisha uji, akangoja amalize. Kisha akamwonyesha mkuyu, pale tawi lilipokuwa limechipua upya.

"Pigeni majani, mwanangu," alimwambia. "Ndiyo mliyotuachia."