Sindano Niliyoikunja Kitale

Wacha niwaambie mimi kabla mama mkwe hajawaambia: yule mwanamke aliyefukuza wagonjwa kwa daktari wa meno pale Kitale ni mimi, na nikikumbuka nasikia hasira, ya kujikasirikia mwenyewe.

Jino nililivunja nikiuma mahindi (kwetu Tongaren hununui gunia bila kuuma punje ujue kama imekauka, na hiyo ilikuwa imekauka kweli). Daktari wa Bungoma akasema jino linaweza kuokolewa, lakini mzizi umepinda kama ndoano, na sindano za mashine yake, zile zinazunguka zikisafisha ndani ya mzizi, ni ngumu, moja inaweza kukatikia humo. Akanionyesha: ukiikunja inaruka, inanyooka yenyewe. "Kitale wako na nzuri kuliko hii." Basi nikaenda na mama mkwe, anishikie mtoto, mimi nikiomba nisiwe kibogoyo na miaka ishirini na nne.

Daktari wa Kitale akafungua sindano mpya, akaiweka kwa trei, akageuka kunawa mikono. Si ningetulia tu? Nikaichukua, nikaipima vile napima kila kitu sokoni, nikaikunja, nikangoja iruke. Ikabaki imepinda hivyo kama waya wa ua. Damu ikanipanda, nikatoka nayo hadi kwa wanaongoja, aproni ya plastiki bado shingoni, nikawaambia, "Oneni, hii ni feki. Ya Bungoma inanyooka, hii imelala. Mnangoja iwavunjikie mdomoni?"

Mzee mmoja wa Ndalu, shavu limefura, akachukua kofia. "Mimi narudi, bana. Nitang'olewa huko huko." Akatoka, na mama mmoja nyuma yake, na mimi nikaona nimeokoa watu, nikazidisha sauti.

Daktari akatoka kwa chumba chake. Alimimina maji moto kwa kikombe, akaitumbukiza ile sindano, na mbele yetu sote ikajinyoosha taratibu mpaka ikawa kama msumari.

"Mama, imetengenezwa ikubali kupinda," akasema. "Ile inayoruka inasukuma ukuta wa mzizi. Hii inafuata kona. Na kwa vile umeishika, sasa ni ya kutupa."

Hakuna aliyecheka, hiyo ndiyo iliniuma. Mama mkwe akasema tu, "Mama Faith, mrudishe mzee wa watu."

Nikakimbia barabarani na aproni yangu, na mzee aliponiona akaongeza mwendo (ati alidhani nimeleta habari mbaya zaidi). Nilimfikia nikihema. "Daktari ni mzuri, mzee. Mbaya ni mimi."

"Ingia wewe kwanza," akasema. "Nikikuona umetoka mzima, nitaingia."

Akakaa karibu na mlango. Sindano nyingine ikaingia ikafuata kona yake, jino likabaki langu, nikatoka mdomo umekufa ganzi, na watu wote wananiangalia.

"Ni nzuri?" mzee akauliza.

Nikajaribu kujibu, mate yakatoka, nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi," mama mkwe akasema, "nimependa ile sindano ya ganzi."

Siku hizi kitu cha daktari nauliza kabla ya kugusa. Na mahindi anauma baba Faith.